Mtoto wa kaka kaingia chuo Marekani bila fani, sasa anataka uhandisi. Mlango bado upo?

#1 Shangazi wa Texas
Wakuu, habari za kazi. Nina mtoto wa kaka yangu, tumwite Beka. Kamaliza kidato cha sita Morogoro, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), akaja huku mwezi wa nane kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Yuko chuo kikuu cha serikali ambacho sitakitaja. Barua ilisema amekubaliwa bila fani, atachagua baadaye, na I-20 yake, ile fomu ya chuo inayobeba viza, imeandikwa masomo ya jumla. Kaka alipoiona alinipigia huku ikiwa saa nane usiku: "Mwanangu amesajiliwa kusomea nini? Kile kiwanja nimekiuzia nini?" Kwa sisi tuliozoea TCU, tume ya vyuo vikuu ya nyumbani, mtu kuwa chuo kikuu bila kozi ni jambo lisiloingia akilini. Nilimtuliza, nikamwambia huku ndivyo walivyo.

Sasa Beka anataka uhandisi wa mitambo. Mwezi wa tisa alijiunga na wenzake wanaounda kigari cha mashindano ya Baja SAE, akawa harudi bwenini mpaka usiku wa manane. Jumapili iliyopita alikuwa kwangu. Tulipomaliza kula akalichana boksi la piza, akachora fremu ya kigari mgongoni mwa kifuniko, kila kiungo akakiwekea mishale ya nguvu, akanieleza kwa nini bomba moja la nyuma lilipinda walipolijaribu gari. Mtoto huyu nimemlea likizo nyingi, sijawahi kumwona akizungumza namna ile.

Mshauri wake wa masomo kamwambia kuhamia uhandisi ni kwa ushindani, na kwa kuwa muhula huu kapangiwa aljebra, afikirie njia nyingine. Naomba kuuliza: kama hukuingia uhandisi siku ya kwanza, ndiyo imetoka hiyo?

#2 Kihonda Maghorofa
EGM halafu mitambo? Fizikia si aliiaga kidato cha nne huyo! Bongo hata asingejaza fomu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Mchundo
Shangazi, shikamoo. Mimi ni injinia wa mitambo, niko Michigan mwaka wa kumi na moja sasa.

Kwanza, hilo la kutokuwa na fani lisiwanyime usingizi. MIT wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza hawana fani, wanachagua mwaka ukiisha. Stanford vilevile wanaingia bila fani. Purdue hata waliokubaliwa uhandisi wanapita kwanza mwaka wa pamoja ndipo wagawanywe. Texas A&M wanaoingia uhandisi wote wanaanza kama Uhandisi wa Jumla, halafu wanashindania idara; mwenye GPA (wastani wa gredi) ya 3.75 na kuendelea hupata chaguo lake la kwanza, kwa masharti yao. Kwa hiyo kila chuo kina mlango wake.

Lililonishtua mimi ni aljebra. Uhandisi ni mnyororo, Shangazi. Aljebra inafuatwa na somo la maandalizi ya kalkulasi (hesabu za kutofautisha na kuunganisha), ndipo Kalkulasi I, II, III na milinganyo ya tofauti. Fizikia ya kwanza huruhusiwi mpaka uwe umeanza Kalkulasi I. Statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, haikupokei bila hiyo fizikia. Baada ya statiki kuna dinamiki na nguvu za vifaa, ndipo usanifu wa mashine, na mradi wa mwisho unaokula mwaka mzima. Haya masomo hayasomwi kwa pamoja hata uwe na akili ya kiberiti. Anayeanza na aljebra amechelewa mihula miwili kabla hajafungua daftari, na kwa mtu wa F-1 mihula miwili ni fedha ya kiwanja kingine.

Kwa hiyo mimi nasema fani ataipata. Kinachomkimbia ni kalkulasi.

#4 Nyuki wa Tabora
Namheshimu Fundi lakini hapa naomba tusimpe mtoto matumaini ya bure. Mimi nilikuwa na Kalkulasi zote tatu, fizikia mbili, GPA 3.4. Niliomba kuhamia mara mbili, nikakataliwa mara mbili. Barua ya pili ilikuwa na mistari minne. Hawakusema nina kasoro gani, walisema nafasi zimejaa. Maabara zina viti vya kuhesabu, walimu ni walewale, na waliokubaliwa moja kwa moja kutoka sekondari wana nafasi zao. Wewe wa nje unagombania viti vya waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli. Mnyororo niliumaliza, mlango haukufunguka. Nikaishia takwimu.

#5 Njoro wa Nakuru
Habari zenu. Mimi Mkenya, niko California. Mbona hamtaji chuo cha jamii? Huku tuna 116. Nilisoma miaka miwili karibu na nyumbani, karo ndogo, nikapiga kalkulasi zote na fizikia zote, kisha nikahamia UC (Chuo Kikuu cha California) moja kwa moja mwaka wa tatu kwa TAG, ule mpango wa kuhakikishiwa nafasi. Nilihitimu uhandisi wa ujenzi. Beka atoke hapo alipo, ashuke chuo cha jamii, apande tena akiwa na gredi safi. Wanaoingilia mlango wa nyuma nao huketi sebuleni.

#6 Msomaji Kimya
Njoro, marekebisho mawili. TAG ipo kwenye kampasi sita tu za UC. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Pia haifungui kila fani, baadhi ya fani za uhandisi zimeondolewa kwenye mpango. La zaidi, kijana yuko Texas. Makubaliano ya kule ni ya kule, achukue orodha ya chuo anakotaka kwenda aone somo gani linapokelewa kama nini. Nimeona watu wakisoma fizikia isiyo ya kalkulasi mwaka mzima, kufika uhandisi wanaambiwa hiyo ni ya wanafunzi wa tiba, rudia.

#7 Mwalimu wa Namba
Jamani subirini kidogo. Mimi nilifundisha Advanced Mathematics kidato cha tano na sita miaka tisa kabla sijahama. EGM ile M ni Advanced, silabasi moja na PCM, wale wa fizikia, kemia na hisabati. Beka kafanya kutofautisha, kaunganisha, kafanya vekta na namba changamano. Aljebra ya chuo anaisomaje? Shangazi, alipimwa kwa kitu gani?

#8 Shangazi wa Texas
Asanteni wote. Mwalimu, nimempigia sasa hivi. Kuna mtihani wa mtandaoni unaitwa ALEKS. Aliufanya usiku wa kuamkia siku ya kupokelewa, siku mbili tangu ashuke kwenye ndege, akiwa kitandani na kompyuta ya kuazima. Alidhani ni zoezi la kujaza tu. Alipata 46. Kalkulasi I chuoni kwao wanataka 75.

#9 Mwalimu wa Namba
Hapo ndipo penye jipu! Mtihani huo una maswali yasiyozidi 30, na unakufuata: ukikosa mapema unakushusha, maswali ya juu huyaoni kabisa. Mtoto aliyezoea karatasi ya NECTA, anayeonyesha njia na kupewa alama za njia, anafika pale anakosea ishara moja na mashine haina habari na njia yake. Vyuo vingi vinaruhusu kurudia, na kuna sehemu ya mazoezi ndani yake ambayo mara nyingi imeshalipiwa. Apige mazoezi wiki tatu kila siku: logi, trigonometria, vitendakazi. Hivyo vya kidato cha tatu hadi cha tano vinavyosahaulika. Kisha arudie mchana, ameketi mezani, ameshiba.

#10 Fundi Mchundo
Mwalimu Mungu akubariki, hilo sikuliwaza. Mimi nilikuja na PCM na chuo kikanipa mtihani wa karatasi.

Nyuki (#4), pole ndugu yangu, lakini niambie: uliomba kuhamia uhandisi gani?

#11 Nyuki wa Tabora
Sayansi ya kompyuta.

#12 Fundi Mchundo
Sasa kaka! Ungetuambia mapema. Sayansi ya kompyuta kwenye vyuo vikubwa kadhaa imefungwa kabisa kwa asiyeingia nayo. Mitambo au ujenzi si hivyo kila mahali. Usimpimie Beka nguo kwa mwili wako.

#13 Nyuki wa Tabora
Fundi, na mimi niliambiwa "kwako itakuwa tofauti" na watu wazima wawili waliokuwa wakinitakia mema. Sisemi asijaribu. Nasema kabla ya kulipa muhula mwingine aulize maswali matatu na ajibiwe kwa barua pepe: nafasi za wanaohama ni ngapi, mwaka jana waliomba wangapi, na aliyechukuliwa wa mwisho alikuwa na GPA ngapi. Mimi sikuuliza hata moja. Nilijua kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye tovuti nikadhani ndicho kiwango. Kiwango cha chini kinakuruhusu kuomba tu.

#14 Mpemba wa Minneapolis
Asalaam aleikum. Mnasahau huyu ni F-1. Akibadilisha fani lazima ofisi ya wanafunzi wa kigeni impe I-20 mpya. Asishuke chini ya krediti 12 kwa muhula bila idhini yao kwanza, hata kama kalkulasi imemkaba na anataka kuiacha katikati. Na katika zile 12, somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu. Akihamia chuo cha jamii kama asemavyo Njoro inawezekana, mradi kiwe na kibali cha kupokea wageni na rekodi yake ihamishwe kabla hajaondoka. Faida ya kuvumilia ni kwamba uhandisi unampa miezi 36 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu.

#15 Msomaji Kimya
Nyongeza kwa Mpemba: 36 haiji kwa mkupuo. Ni 12 ya kila mhitimu, halafu 24 za nyongeza kwa fani za sayansi na uhandisi, na hizo 24 mwajiri lazima awe kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya wafanyakazi. Takwimu nayo imo, Nyuki atakuwa shahidi.

#16 Nyuki wa Tabora
Imo. Niliitumia yote.

#17 Kihonda Maghorofa
Kumbe ulitoka salama halafu umekuja kututia homa usiku huu 😄

#18 Bi Mkubwa Ukonga
Mimi naona mnamzungusha mtoto. Asome fizikia au hisabati tumizi hapohapo chuoni, fani ambazo hazina foleni, halafu shahada ya pili ndiyo afanye uhandisi. Mdogo wangu kafanya hivyo na anajenga madaraja.

#19 Fundi Mchundo
Bi Mkubwa, njia ipo lakini ina miiba. Shahada ya pili itamdai masomo ya kujazia: statiki, nguvu za vifaa, thermodinamiki, hayo hayo aliyoyakwepa. Na leseni ya uhandisi mahali pengi inaangalia shahada ya kwanza iliyoidhinishwa na ABET, chombo kinachokagua kozi za uhandisi. Huyo mdogo wako alilipia muda gani wa kujazia?

#20 Bi Mkubwa Ukonga
Mwaka na nusu. Lakini alikuwa analipwa kama msaidizi wa maabara, hakuuza mtu kiwanja.

#21 Kijana wa Kasulu
Je, teknolojia ya uhandisi? Chuo nilichopo mimi wanapokea bila ushindani na maabara ni nyingi kuliko nadharia. Mtu wa kuchomelea fremu za magari angefurahi huko.

#22 Fundi Mchundo
Ni fani nzuri na nimefanya kazi na watu wake wenye mikono ya dhahabu. Ila ajue si kitu kimoja. ABET ina tume moja ya uhandisi na nyingine ya teknolojia ya uhandisi, na majimbo hayafanani: mengine yanawaruhusu kufikia leseni baada ya uzoefu wa miaka zaidi, mengine yanakataa. Kama ana mpango wa kurudi nyumbani kusajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, TCU nao wataitazama hiyo shahada. Aulize kabla, asiulize akiwa na joho.

#23 Mzee wa Mlimani
Nimesoma uzi wote. Niliingia Kitivo cha Uhandisi Dar es Salaam enzi ambazo kitivo chenyewe, kilichoanza 1973, bado kilikuwa kinanukia rangi. Sisi tulichaguliwa kwa mchepuo wako wa shule tangu kidato cha tano, yaani ukiwa na miaka kumi na saba umeshahukumiwa. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia imekunyima uhandisi, na hakuna ofisi ya kukata rufaa. Mwenzangu mmoja darasani alikuwa anafungua redio za kijiji kizima. Shule yetu ilikuwa na nafasi za PCM kumi na mbili, yeye akawa wa kumi na tatu. Kawa karani wa bandari mpaka kastaafu, na redio anafungua mpaka leo.

Kwa hiyo mnapolalamika kwamba huko mtu anaingia bila fani, mimi naona mtoto amepewa kitu ambacho mwenzangu hakupewa: mwaka wa kushika bomba kwanza, ndipo aseme anataka nini.

#24 Njoro wa Nakuru
Mzee, shikamoo. Kenya nayo ni vile vile, pointi za klasta zinaamua. Kuna dirisha la kuhama kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, lakini ukikosa alama za fizikia hata uhame mara ngapi uhandisi hauoni.

#25 Shangazi wa Texas
Mzee wa Mlimani, umenitoa machozi. Shule ya Beka mwalimu wa fizikia aliondoka akiwa kidato cha tatu. Nilikuwa sijaiunganisha hiyo habari.

#26 Kihonda Maghorofa
Shangazi, naifuta ile komenti yangu ya kwanza moyoni. Nilikuwa sijui.

#27 Mwana wa Uvira
Bandugu, jambo yenu. Mimi nilifika Iowa na wazazi toka kambini, Kiingereza kidogo. Nilianza chuo bila fani sababu fomu sikuielewa, niliacha nafasi wazi. Ni vile tu. Nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, saa kumi na mbili asubuhi natoka, saa mbili niko darasani. Kalkulasi II niliianguka, nikairudia, nikaianguka, nikairudia. Mara ya tatu nilipata B. Sikupita sababu nilikuwa na akili mpya. Nilipita sababu nilihamishwa zamu ya mchana na kuanza kulala. Leo niko mwaka wa nne, uhandisi wa viwanda, najiandaa na mtihani wa FE, ule wa kwanza wa njia ya leseni ya uhandisi, maswali 110 kwa saa 6. Huyo kijana anafanya kazi? Analala saa ngapi? Anarudi bwenini usiku wa manane kila siku kwa sababu ya gari, hiyo mimi inanitisha kuliko mlango.

#28 Nyuki wa Tabora
Heshima kwako Mwana wa Uvira. Lakini angalieni pia: vyuo vingine vinaweka kikomo cha kurudia somo, na wanaopanga nafasi wanahesabu gredi zote mbili. Kalkulasi asiichezee.

#29 Mwalimu wa Namba
Kweli. Ndiyo maana nasema bora aingie Kalkulasi I akiwa tayari, kuliko kukimbizana na kalenda ya Fundi.

#30 Fundi Mchundo
Mwalimu, kalenda si yangu, ni ya chuo 😅 Akiikosa Kalkulasi I mwezi wa kwanza, statiki nayo inasogea mbele.

#31 Shangazi wa Texas
Wakuu, nimerudi baada ya wiki nne. Beka aliacha kwenda kwenye gari siku za katikati ya wiki, akafanya mazoezi jikoni kwangu kwa simu ya spika na Mwalimu wa Namba (Mwalimu, mke wako anisamehe kwa zile simu). Jumamosi karudia ALEKS. 81.

Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Kaka nimempigia, akauliza kalkulasi ni nini, nikamwambia ni ngazi ya kwanza ya kitu anachotaka mwanao. Akanyamaza, akauliza ngazi ziko ngapi.

Lakini madarasa ya Kalkulasi I ya mwezi wa kwanza yamejaa. Yuko kwenye orodha ya kusubiri, namba 7. Maswali matatu ya Nyuki aliyatuma kwa kitivo. Wamejibu mawili: nafasi zinategemea muhula, na wastani wa waliochukuliwa mitambo mara ya mwisho ulikuwa 3.5. Waliomba wangapi hawakusema.

#32 Nyuki wa Tabora
Wastani 3.5 maana yake kuna walioingia chini ya hapo. Hongera kwake, kwa dhati. Aulize tena hilo la waliomba wangapi. Wasipojibu, amfuate mwanafunzi yeyote aliyehama mwaka jana, wale wa kwenye kigari watamjua.

#33 Mpemba wa Minneapolis
Asibaki anasubiri mikono mitupu. Ajisajili somo jingine la kushikilia ili krediti 12 zitimie, nafasi ikipatikana abadilishe ndani ya wiki ya kwanza.

#34 Njoro wa Nakuru
Au achukue hiyo Kalkulasi chuo cha jamii jioni. Bado nasema.

#35 Msomaji Kimya
Njoro, apate kwanza kibali cha maandishi kwamba itapokelewa na kitivo cha uhandisi. Chuo kupokea krediti na kitivo kuikubali ni mambo mawili.

#36 Bi Mkubwa Ukonga
Na fizikia tumizi bado ipo, haina foleni. Nimemaliza.

#37 Shangazi wa Texas
Heri ya mwaka mpya. Kapata kiti siku ya tatu ya masomo, watu tisa walijiondoa baada ya kuona orodha ya kazi za nyumbani. Ana Kalkulasi I, kemia, fizikia ya kwanza na uandishi, krediti 15. Mwana wa Uvira, simu yake naizima mimi saa tano usiku, tumekubaliana. Ombi la kuhama linafunguliwa mwezi wa tano.

Jana kaja na boksi jingine la piza. Fremu ileile, bomba lilelile la nyuma. Safari hii kila mshale una namba.

#38 Fundi Mchundo
Tupia picha Shangazi. Nataka nione kile kiungo cha nyuma kakichora kama pini au kama kilichochomelewa, maana hapo ndipo hilo bomba linapojibu.